Kiranja Katika Karakana ya Makochi

Kila asubuhi, kabla nyundo haijagonga msumari wa kwanza, fundi viti aliomba. Alisimama katikati ya makochi yaliyochanwa, akafumba macho.

"Ee Mungu, bariki mikono hii. Bariki vitambaa hivi na sponji hii. Wabariki na watakaokalia kazi yangu, wao na makalio yao."

"Baba!" Kitinda, binti yake wa mwisho, alicheka mlangoni na begi la shule mgongoni. "Makalio kwenye sala?"

"Aliyeyaumba ni nani? Sema amina uende shule."

Karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba. Kilikuwa na mlango mmoja na dirisha moja. Dirisha lilifungwa mwaka mzima, kwa sababu vumbi la barabarani lilichafua vitambaa vya wateja. Kando ya meza ya kupaka gundi palikuwa na tundu kubwa la waya. Ndani yake alikaa kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu. Jina lake Kiranja.

Kiranja hakuwa ndege wa kununuliwa sokoni. Alikuwa amana.

Miaka mitatu nyuma, fundi hakujua kusoma. Alipima makochi kwa kamba yenye mafundo, na kila mteja aliombwa aandike jina lake mwenyewe. "Mkono wangu una gundi," ndivyo alivyosema siku zote. Siku moja mwalimu mstaafu wa nyumba ya jirani alileta kiti chake. Aliutazama mkono wa fundi. Ulikuwa mkavu kabisa.

"Njoo kwangu jioni," alimwambia kwa sauti ya chini. "Njoo na daftari."

Fundi alikwenda jioni nyingi. Yeye alikaa mezani, mwalimu akakaa mbele yake, na Kiranja begani mwa mwalimu. Fundi alipokwama kwenye neno, kasuku alipaza sauti, sauti ileile ya mwalimu: "Soma tena!"

"Mwalimu mmoja ananitosha," fundi alilalamika.

"Huyu si mwalimu," mwalimu alicheka. "Huyu ni kiranja wa darasa. Mtii."

Fundi alisoma tena, na tena, mpaka akaweza kusoma kitabu chake cha sala bila kusaidiwa. Siku hiyo alilia mezani kama mtoto.

Kisha magoti ya mwalimu yakachoka. Binti yake akaja kumchukua aende kuishi naye mbali, ghorofa ya tano. Mwenye nyumba wa huko hakutaka mnyama wala ndege. Mwalimu alilibeba tundu mwenyewe, hatua kwa hatua, mpaka mlangoni kwa fundi.

"Nilikupa herufi," alisema. "Sasa nakupa na huyu. Nakuomba jambo moja tu. Usimwache peke yake. Kasuku akiwa mpweke, huugua."

"Naahidi, mwalimu. Hatakaa peke yake hata saa moja."

Naye alitimiza. Alimweka Kiranja mahali ambapo yeye mwenyewe alishinda tangu asubuhi mpaka jioni: karakanani, kando ya meza ya gundi.

Lakini tangu siku aliyohamia, Kiranja hakusema neno. Mwezi wa kwanza alikaa kimya, manyoya yamefura kama mtu aliyejifunika blanketi. Mwezi wa pili akaanza kujinyonyoa kifuani. Kila siku Mama Kitinda alifagia manyoya ya kijivu chini ya tundu.

"Ana huzuni," fundi alisema. "Anamlilia mwalimu." Akamwongezea karanga na mbegu za alizeti. Chakula kingine hakukijua.

Kila Jumapili saa kumi, simu ililia.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Kiranja wangu hajambo? Hebu nimsikie."

"Amelala, mwalimu."

"Saa hizi?"

"Siku hizi analala sana."

Fundi alipokata simu, alihisi kama amemeza msumari. Mtu anayeomba asubuhi na jioni, na katikati anamdanganya mwalimu wake! Alipiga magoti, lakini maneno hayakuja. Angemwambia Mungu nini? Kwamba amana ya mwalimu inamfia mikononi?

"Baba Kitinda," mkewe alisema jioni moja, "ndege ni wa Mungu. Mfungulie aende zake. Angalau asifie kwenye waya."

Asubuhi iliyofuata fundi alilibeba tundu mpaka uani. Akaliweka juu ya pipa. Akafungua mlango wake mdogo.

"Nenda, rafiki yangu," alisema. "Nisamehe."

Kiranja alitazama mlango. Hakusogea.

"Hodi!"

Aliyeingia alikuwa daktari wa mifugo, mwanamke mfupi mwenye viatu vya mpira, kiti cha pikipiki kwapani. Kila mtu mtaani alimwita Dada Daktari.

"Karibu, Dada Daktari."

"Kiti changu kimechanika, fundi, nakalia chuma. Ng'ombe wananicheka." Kisha akaona tundu. "Unafanya nini hapo?"

"Namrudisha kwa Mungu."

"Mungu ndiye aliyekupa umtunze. Funga huo mlango."

Fundi akafunga.

"Huyu amelelewa kwenye tundu," Dada Daktari alisema. "Hajawahi kutafuta chakula. Hajui tunda lipi lina sumu. Hamjui mwewe. Ukimwachia, humpi uhuru. Unampa siku mbili za njaa na hofu, halafu basi."

Aliinama mbele ya tundu, akamchunguza Kiranja. Mama Kitinda alitoka jikoni, akasimama akifuta mikono.

"Tazameni mkia," daktari alisema. "Kila akivuta pumzi, unapanda na kushuka. Mnaona? Ndege mzima hafanyi hivyo akiwa ametulia. Huyu anahema kwa shida. Anakaa wapi mchana?"

"Karakanani, pamoja nami," fundi alijibu. Hapo hata fahari kidogo ilimjia. "Simwachi hata dakika."

"Nionyeshe."

Dada Daktari hakufika katikati ya chumba. Alifunika pua, macho yakamtoka machozi. Alitazama makopo ya gundi, kisha dirisha lililofungwa.

"Fundi. Gundi hii unaipaka humu ndani?"

"Kila siku. Mimi hata siisikii harufu."

"Umeizoea. Na kikohozi chako ninachokisikia asubuhi nikipita, nacho umekizoea?"

"Mwambie, dada!" Mama Kitinda alidakia. "Mimi nikisema, naambiwa ni baridi."

"Sikilizeni," daktari alisema. "Mapafu ya ndege si kama yetu. Yanachukua hewa nyingi na kwa haraka sana. Kilicho kibaya hewani kinamfikia yeye kwanza. Mvuke wa gundi, rangi, moshi wa jiko, sigara, dawa ya kupulizia mbu, hata moshi wa kile kikaango kisichogandisha chakula kikipata moto kupita kiasi. Wewe utakohoa. Yeye anaweza kufa."

Fundi alirudi nyuma akakaa kwenye kochi. Kochi lilikuwa halijatiwa sponji. Akazama mpaka magoti yakamfika kidevuni, na hakuna aliyecheka.

"Basi ni mimi," alisema kutoka humo ndani. "Mwalimu aliniambia nisimwache peke yake. Nikamweka karibu na pumzi yangu. Kumbe namlisha sumu."

"Ulitimiza ahadi," Dada Daktari alisema kwa upole. "Ila ahadi inataka na maarifa. Inuka. Bado yu hai."

Alimzungushia Kiranja taulo laini, akamsikiliza kifua, akampima kwenye mizani ya jikoni. "Amekonda. Mimi nimezoea ng'ombe na mbuzi, sitajifanya najua kila kitu. Nitampigia mwenzangu anayetibu ndege. Dawa tutamletea leo. Lakini dawa bila hewa safi ni kazi bure."

Siku ileile wakahamisha vitu. Kiranja alipelekwa kwenye kona ya chumba cha kulia, mbali na jiko, karibu na dirisha linalopata jua la asubuhi. Nusu ya tundu iliachwa kivulini, ili achague mwenyewe jua au kivuli. Meza ya gundi ikatolewa nje, chini ya bati nyuma ya nyumba, upande wa pili kabisa. Fundi akanunua kinga ya kuvaa puani. Dirisha la karakana likafunguliwa kwa mara ya kwanza tangu mwaka uliopita. Vitambaa vya wateja vikafunikwa kwa nailoni.

"Na chakula?" Mama Kitinda aliuliza.

"Karanga na alizeti ni kidogo tu, ziwe kama peremende. Zina mafuta mengi. Kila siku mpe mboga za majani, karoti, boga, mahindi ya kuchemsha yasiyo na chumvi, matunda kidogo. Usimwondolee alichozoea kwa siku moja, badilisha polepole. Na maji safi kila asubuhi."

"Parachichi je?" Kitinda aliuliza. Kumbe alikuwa ameshika kipande nyuma ya mgongo.

"Hapana kabisa! Kwake ni sumu. Na chokoleti, na kahawa, na pombe."

Kitinda alikitazama kipande chake, akakila mwenyewe haraka.

"Usiku afunikwe, alale gizani mahali pa kimya kwa muda wa masaa kumi mpaka kumi na mbili. Mchana apewe kazi. Kasuku ana akili. Akikosa kazi anajinyonyoa, ingawa zipo sababu nyingine pia. Mpeni matawi safi ayatafune. Si vipande vya karakana, fundi, hivyo vina rangi na misumari."

"Na nimshike, azoee?"

"Usimkamate. Kaa karibu, fanya kazi zako, zungumza naye. Siku akitaka, atakuja. Na usikate tamaa. Huyu anaweza kuishi miaka arobaini, hata zaidi."

"Arobaini!" fundi alishangaa. "Basi atamrithi Kitinda."

"Mimi ndiye nitakayemrithi yeye," Kitinda alisema.

Dada Daktari aliyaandika yote kwenye karatasi. Fundi aliibandika ukutani, juu ya tundu.

Lakini sasa, kama gundi iko nje, nani angekaa na Kiranja? Fundi alifikiri usiku mmoja na sala mbili. Kesho yake akapata jibu. Kushona foronya za makochi kwa mkono hakuhitaji gundi. Akachukua sindano yake nene na uzi, akawa anashona chumba cha kulia kila alasiri. Akishona, alizungumza. Alimweleza Kiranja habari za wateja: yule anayetaka kochi gumu kama kaburi, na yule aliyelificha shimo lililotafunwa na panya chini ya mto.

Wiki ya kwanza mkia uliendelea kupanda na kushuka. Fundi aliutazama kama mtu anayehesabu mapigo ya moyo wa mtoto. Wiki ya pili ulitulia. Wiki ya tatu, fundi akiwa ameshika karoti bila kuthubutu hata kukohoa, Kiranja alinyoosha shingo. Akaichukua. Akaitafuna taratibu, akaidondosha nusu juu ya foronya mpya ya mteja.

"Asante, Mungu," fundi alinong'ona. Hakuifuta ile karoti mpaka jioni.

Kifuani mwa Kiranja yakaanza kuchomoza manyoya mapya, madogo kama miiba. Pahali pamoja palibaki uchi. Dada Daktari alisema huenda pasifunike tena, na hilo si neno. Na kile kikohozi cha asubuhi, kile cha "baridi," kilipungua. Mama Kitinda alitabasamu tu.

Ila Kiranja alibaki kimya. Na Jumapili ikafika.

"Leo nasema kweli," fundi alimwambia mkewe. Alikaa kando ya tundu kabla simu haijalia.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Kiranja amelala?"

"Mwalimu, nilikudanganya. Hakuwa amelala. Alikuwa anaumwa. Nilimweka kando ya gundi, nisimwache peke yake, na gundi ikamuumiza. Nilikaribia kumuua. Niliona haya kukuambia."

Mama Kitinda alishika bega la mumewe.

"Umenidanganya Jumapili ngapi?" mwalimu aliuliza.

"Kumi na moja, mwalimu."

"Kumi na mbili. Nilizihesabu. Unadhani sijui sauti ya mwanafunzi ambaye hajafanya kazi yake?" Akavuta pumzi. "Na sasa?"

"Sasa anakula karoti. Anahema vizuri. Daktari ametuandikia namna ya kumtunza. Ila hasemi. Labda hatasema tena."

"Asiseme. Mradi awe mzima." Sauti yake ilikuwa laini. "Daktari ameandika nini? Nisomee."

Fundi alisimama mbele ya karatasi, sauti ya simu imefunguliwa wote wasikie. Akaanza polepole, kidole chini ya neno, kama zamani.

"Apewe maji safi kila siku. Alale mahali pa kimya. Asiwekwe penye gundi, rangi wala moshi. Vita... vitamdhu..."

Akakwama. Macho yalikuwa yamejaa maji.

Ndani ya tundu, Kiranja aliinamisha kichwa upande mmoja. Akatikisa manyoya yake machache.

"Soma tena!"

Sauti ilikuwa ya mwalimu, kali na safi, ikajaa chumba kizima. Kitinda alipiga makofi. Mama Kitinda akaketi pale alipokuwa amesimama, kwenye sakafu.

Katika simu ilisikika pumzi tu ya mtu mzima anayelia na kucheka pamoja.

"Umemsikia kiranja," mwalimu alisema. "Mtii."

Fundi alifuta macho kwa mkono wa shati. Akarudisha kidole mwanzo wa mstari.

"Vitamdhuru," alisoma. Kisha akasoma yote tena, tangu juu mpaka chini.