Orodha ya Nyumba Kumi

Kila alasiri akitoka madrasa, Mastura alifagia uwanja wa bibi yake, akateka maji ya kutawadhia, kisha akakaa jamvini kumsomea chochote kilicholetwa. Bibi Maftaha alikuwa balozi wa nyumba kumi pale Njinjo, na macho yake yalikuwa yameingia ukungu. Barua zote za kijiji zilisomwa na Mastura, msichana wa darasa la sita.

Mwaka huo, 2004, Mwalimu Evaristo aliwaambia wanafunzi kwamba majina ya wanakijiji wote yataandikwa upya, yapelekwe wilayani na kuingizwa kwenye kompyuta. Hakuna mwanafunzi aliyewahi kuiona. Mwalimu alisema siku zijazo serikali haitahitaji makabati ya makaratasi, nchi nzima itaenea ndani ya chombo kidogo kuliko sanduku la nguo. Tangu siku hiyo Mastura aliota huku macho yakiwa wazi. Akiteka maji, aliiona nchi ndani ya mashine ile: mji mweupe usio na vumbi, kila mtu amekaa mahali pake, na jina lake linawaka kama kimulimuli.

Fomu ya nyumba kumi ilipokuja, bibi alimkabidhi pamoja na kalamu. Alimwagiza aingie kila nyumba, amwone mtu kwa macho yake, ndipo aandike: yupo, au amehama.

Nyumba tisa zilikwisha kwa siku moja. Ya kumi, ya Babu Kondo, ilikuwa imefungwa, na majani yameota mpaka kizingitini. Mastura alijua mwenye nyumba yuko wapi. Msimu wa mpunga wazee wengi hushuka bondeni, hulala kwenye dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya miti, wakifukuza nguruwe usiku na ndege mchana. Kufika huko ni mwendo wa saa nzima, na njia ilikuwa matope matupu. Akaandika: amehama. Yalikuwa maandishi mazuri kuliko yote ya ukurasa ule. Bibi alipouliza kama amefika kote, alijibu kuwa amefika. Bibi akatia dole gumba, fomu ikapelekwa kwa mtendaji wa kijiji kungoja gari la wilaya siku ya Ijumaa.

Alhamisi, darasani, binamu yake Nurdin alijigamba kwamba kompyuta inajua kila kitu, hata nani kalamba sukari ya mama yake. Wenzake wakamwambia basi yeye ndiye atakayefungwa wa kwanza. Mastura hakucheka. Alinyoosha mkono.

"Mwalimu, ikiambiwa mtu amehama, kumbe hajahama, itajua?"

"Itajuaje, Mastura? Haina miguu ya kwenda kumtafuta."

Kisha mwalimu akaeleza kwamba mkutano wa kijiji umekwisha kuamua: aliyehama hatapiga kura hapa, na kiwanja chake atapewa mgeni anayesubiri. Mastura aliyasikia maneno hayo kama aliyezama majini. Ule mji mweupe ulimjia tena, na nje yake amesimama Babu Kondo, anabisha hodi, na hakuna wa kumwitikia.

Alikwenda moja kwa moja nyumbani. Bibi alikuwa akivuta uradi. Mastura alingoja amalize, akamweleza yote. Bibi hakumkaripia. Alikunja tasbihi yake, akatafuta fimbo.

"Nimetia dole langu juu ya neno lako," alisema. "Twende. Utamwambia mwenyewe."

Bondeni mvua ilikuwa imekatika punde tu. Mvuke ulipita juu ya mpunga taratibu, dungu likaonekana kama linaelea. Babu Kondo alikuwa huko juu, anavuta kamba zilizofungwa makopo ya kutishia ndege.

"Leo balozi kaja na karani wake," alisema akicheka. "Mtapanda wenyewe au niteremshe ngazi ya heshima?"

Mastura alimwamkia shikamoo, akaitikiwa, kisha akasema aliloandika huku akitazama miguu yake. Kicheko kikaisha. Mzee alishuka polepole, akaketi. Aliwaambia kwamba nyumba ile ya kijijini hakuichagua yeye. Mwaka wa operesheni ya vijiji walipakiwa kwenye lori kutoka hapa hapa bondeni, wakapangwa kwa mstari kule juu, wakaambiwa wote ni ndugu, walime shamba moja. Alitii, akajenga, akamzika mkewe huko huko. Baadaye maneno yakageuka: soko huria, kila mtu atafute chake. Alitii tena, akarudi kulima shamba la baba yake, lakini kila baada ya mavuno hurudi nyumbani kwake.

"Mara ya kwanza nilihamishwa kwa lori," alisema, "na niliwaona walionihamisha. Safari hii nimehamishwa kwa kalamu, nami nimekaa huku nafukuza ndege."

Mastura akalia. Mzee alimwacha alie, kisha akasema jua linakwenda, waondoke wote watatu.

Walimkuta mtendaji akifunga ofisi. Alinung'unika kwamba fomu imekwisha kupigwa muhuri. Bibi alimsogeza Mastura mbele kidogo.

"Sikufika shambani," Mastura alisema. "Niliandika uongo. Babu Kondo huyu hapa."

Mtendaji alimtazama mzee mwenye matope magotini, akatoa fomu mpya. Mastura aliandika nyumba zote kumi upya. Kwenye jina la Babu Kondo aliandika yupo, na pembeni, kwa herufi ndogo: msimu wa mpunga hulala bondeni. Bibi alitaka asomewe mara mbili kabla hajatia dole.

Njiani Mastura aliuliza kama si afadhali hiyo kompyuta isije kabisa.

"Ije tu," bibi alisema. "Mimi nimeuona ujamaa, nimeliona na soko huria. Ninyi mtaiona serikali ya mashine, Mungu awape kheri yake. Lakini kila serikali itakayokuja itamuuliza mtu kama wewe: je, ni kweli? Jibu lako ni amana, mjukuu wangu. Usitoe ushahidi wa mahali ambapo miguu yako haijafika."

Jumamosi Mastura alishuka bondeni alfajiri. Alivuta zile kamba mpaka jua la utosi, na Babu Kondo akapata kulala.