Mstari Mweupe wa Meza ya Hajji Mansur

Kabati la chuma lilikuwa wazi, halikuvunjwa. Ndani, kwenye kitambaa kizito cha kijani, umbo la bunduki lilibaki limebonyea kama mahali alipolala paka. Bunduki yenyewe haikuwepo.

Inspekta Filda Adong aliinama kulitazama, mikono ikiwa nyuma. Ndivyo alivyozoea. Macho kwanza, mikono baadaye, mdomo mwisho kabisa.

"Uliiona mara ya mwisho lini, Hajji?"

"Jana, baada ya sala ya Ijumaa. Niliisafisha hapa hapa, nikaipaka mafuta, nikaifungia. Leo nimekuja kuifungasha kwa mashindano ya kesho, nimekuta hivyo unavyoona."

"Saa ngapi?"

"Saa mbili na robo. Saa mbili unusu nilikuwa nimeshawapigia simu."

Hajji Mansur alikuwa na miaka sabini na moja. Aliuza kanzu soko la Owino kwa miaka arobaini, kisha akawaachia wanawe duka, akabaki na starehe moja tu: kila Jumapili, kwenye machimbo ya mawe yaliyoachwa nje ya mji, kufyatulia visahani vya udongo vinavyorushwa hewani. Bunduki hiyo ya marisau, yenye mitutu miwili, ilikuwa ya baba yake. Vita vilipokwisha mwaka wa themanini na sita aliipeleka kituoni mwenyewe, akangoja miaka sita kurudishiwa pamoja na leseni.

"Afande," Sajini Ogwal alinong'ona, na mnong'ono wake ulisikika hadi barabarani. Alikuwa mtu mnene aliyebakiza miezi mitatu kustaafu, na hakutaka kesi ya kumfuata nyumbani. "Bunduki iko mjini mikononi mwa watu. Tupeleke taarifa makao makuu, tukamate kila aliyeingia hapa."

"Tuna hadi saa kumi, Sajini."

Adong alijua, na Hajji alijua, kitakachofuata saa kumi. Taarifa ikishafika makao makuu, leseni inafutwa, na mwenye silaha anashtakiwa kwa uzembe. Safari hii miaka sita ya kungoja asingekuwa nayo.

Adong aligeukia meza. Ilikuwa ndefu kuliko kitanda, na katikati yake ulipita mstari mweupe wa rangi. Kulia kulikuwa na vichupa vya mafuta mepesi, brashi za shaba, mdeki wa kusafishia mitutu ndani ya sanduku lake, na vitambaa vyeupe vilivyokatwa sawasawa. Kushoto kulikuwa na minyororo, spana, makopo ya grisi, na vipande vya taulo la buluu. Ukutani upande huo ilining'inia baiskeli nene ya milimani, na kando yake, kwenye msumari, mkoba mweusi wa duara wa kubebea magurudumu.

"Baiskeli ya nani?"

"Ya Masinde. Mluhya wangu wa Bungoma, Kenya." Hajji alitabasamu kwa mara ya kwanza. "Anasimamia ghala la vipuri kule Katwe. Amepanga chumba kimoja, hana pa kuweka hilo dude lake. Mwaka wa nane sasa tunagawana meza. Sheria ni moja: mafuta hayavuki mstari, kitambaa hakivuki mstari. Grisi ya baiskeli ikiingia kwenye bunduki inanasa vumbi. Mafuta yangu yakiingia kwenye breki zake, ataishia mtaroni chini ya mlima Lubaga."

"Vitambaa vyako ni vyeupe vyote?"

"Kanzu kuukuu. Miaka arobaini ya kanzu, nitapunguzaje?"

"Na ufunguo wa kabati?"

Mzee alisita. Akavuka mstari, akachukua kopo la goroli za baiskeli zilizozama kwenye grisi, akachokoa kwa kidole.

"Nani atatia mkono humu? Hata mke wangu hajui."

"Jana uliuacha chini au juu?"

"Chini kabisa. Leo..." Aliuangalia ufunguo uliokuwa ukitiririka grisi. "Leo nimeukuta juu."

Ogwal alikuwa ameshazifungua pingu kiunoni. Adong alimtazama, naye akazifunga tena taratibu.

Adong alirudi kwenye kabati. Nyuma ya mkono wa mlango palikuwa na doa la grisi, na kwenye doa uzi mmoja. Aliunasa kwa kibano, akaupeleka dirishani.

Buluu.

Bibi Naila, mke wa Hajji, alikuwa barazani akichagua mchele.

"Jana jioni aliingia nani, Mama?"

"Nani aingie? Hajji alikwenda msikitini kuswali Magharibi. Masinde alikuja, nikampa chai. Mwanangu yule hajui kukataa chai."

"Alikaa muda gani?"

"Kitambo tu. Kisha akaondoka kwa miguu."

"Kwa miguu?"

"Nami nilimwuliza, 'Leo hupandi farasi wako?' Akasema amechoka. Hata mkoba wake wa magurudumu hakuubeba, na huuvaa mgongoni kama kobe." Naila aliacha mchele. "Afande, usimtie maneno. Nilipolazwa, ni yeye aliyeniletea uji hospitali, wiki mbili, kwa baiskeli hiyo hiyo."

"Simtii maneno, Mama. Ninayaokota tu."

Masinde aliitwa. Alifika akihema, mwanamume wa miaka arobaini na kitu, miguu ya chuma, fulana ya ghala bado mwilini. Alisimama upande wa kushoto wa mstari kama aliyepangiwa.

"Jana ulifanya nini hapa?"

"Nilikaza breki, Afande."

"Breki peke yake?"

"Peke yake."

"Hukugusa goroli?"

"Sikugusa."

"Kwa hiyo grisi uliyoifuta kwa taulo lako ilitoka wapi?"

Masinde aliificha mikono nyuma.

"Ee, jibu!" Ogwal alifoka. "Wewe ni mgeni katika nchi hii. Unajua bunduki ni miaka mingapi?"

"Sajini." Sauti ya Adong haikupanda. "Bwana Masinde, magurudumu yako yote mawili yapo kwenye baiskeli. Huo mkoba umebeba nini, mpaka msumari umepinda?"

Wote walitazama juu. Msumari ulikuwa umeinamia chini kweli.

Adong alivaa glavu, akautua mkoba mezani, akafungua zipu. Kitako kilikuwa kimefungwa kwenye taulo la buluu. Mitutu ilikuwa imefungwa kwenye lingine. Bunduki haikuwa imetoka chumbani, ilikuwa imesogea hatua tano tu.

"Masinde?" Hajji alisema. Jina tu.

Masinde aliketi juu ya ndoo.

"Ni mimi, Afande. Niandike. Ufunguo niliuona mwezi uliopita nilipohitaji goroli. Lakini sikuiba."

"Ulifanya nini, basi?"

"Niliificha. Nje sikuthubutu kuitoa, nikikutwa nayo njiani nimekwisha. Nilitaka Jumapili ipite. Jumatatu ningetafuta ulimi wa kumwambia."

"Kumwambia nini?"

"Tazama ndani ya mitutu. Wa kulia."

Adong aliinua mitutu kuelekea dirishani. Ndani ya wa kushoto mwanga ulimetameta hadi mwisho. Ndani ya wa kulia, karibu na katikati, ulizunguka mviringo wa kivuli, kama pete nyeusi iliyovishwa chuma.

"Umevimba," alisema. "Kitu kiliziba, na risasi ikapigwa."

"Sijaona chochote!" Hajji aliunyakua mtutu, akafumba jicho moja. "Niliusafisha jana! Uko safi!"

"Hajji, wewe unaona kisahani kikiwa mita arobaini," Masinde alisema polepole, "lakini chai yako mwenyewe unaitafuta kwa kidole."

Adong alikichukua kidole cha mzee, akakitembeza juu ya chuma. Kikapita, kikapita, kikasimama. Hajji alikirudisha nyuma, akakipitisha tena.

"Jumapili iliyopita," alisema, "risasi ya kwanza ilinipiga bega kama teke la punda. Nikasema ni uzee."

"Haikuwa uzee," Masinde alisema. "Jumamosi ya kuamkia siku hiyo nilitoka matopeni, bomba la kiti la baiskeli limejaa maji. Nikachukua mdeki wako, nikaufunga taulo langu, nikalikausha bomba. Chai ikaja. Nikaurudisha sandukuni na taulo likiwa kwenye ncha. Asubuhi ukaupitisha kwenye mitutu kama kawaida yako. Taulo langu ni nene kuliko vitambaa vyako, Hajji. Lilichomoka likakwama humo."

"Ulijuaje?" Hajji aliuliza.

"Mimi ndiye ninayerusha visahani. Niliona nyuzi za buluu zikianguka, zimeungua. Nikasema labda macho yangu. Jana alasiri nilipopita hapa, ukiwa umeelekeza mitutu dirishani, niliiona ile pete kutoka upande wangu. Kesho ungepiga risasi mia moja kwa mtutu ule. Mtutu ungepasuka karibu na mkono wako."

"Sasa kwa nini hukusema?" Hajji alipiga kelele. "Mdomo umeuacha Bungoma? Uliogopa jela?"

"Jela sikuiwaza." Masinde alitazama sakafu. "Ungeuliza kitambaa ni cha nani. Sheria ni moja, na mimi nimeivunja. Niliogopa utaniambia nishushe baiskeli yangu ukutani. Hapa Kampala, Hajji, nina chumba cha kulala. Pa kukaa ni hapa tu."

Ogwal alikohoa, akaonekana kuvutiwa sana na dari.

Adong alivua glavu, akafungua daftari. Aliandika polepole, akisoma kwa sauti. "Silaha imepatikana ndani ya jengo la mwenye leseni, haikutoka. Ni mbovu, inachukuliwa kituoni hadi fundi aliyeidhinishwa aikague. Mwenye leseni ameonywa kuhusu mahali pa kuhifadhi ufunguo." Akainua macho. "Bwana Masinde, kufungua kabati la silaha la mtu ni kosa. Utaandika maelezo yako kituoni, yote. Hajji, una malalamiko dhidi yake?"

Mzee aligeukia meza. Alivuta droo, akatoa kikopo cha rangi na brashi iliyokauka ncha. Aliviweka mezani mbele ya Masinde.

Masinde alikunja uso. "Nikufanyie nini?"

"Mstari umefifia. Ndiyo maana mtu hauoni akauvuka." Hajji alijifuta pua kwa kipande cha kanzu. "Ukitoka kituoni, uje uupake upya. Na upande wako uusafishe, unanuka tope."

"Kwa hiyo malalamiko, Hajji?" Adong aliuliza tena, kalamu ikingoja.

"Malalamiko gani? Andika hakuna."

Jioni, kabla ya Magharibi, Adong alileta risiti ya bunduki na kumkuta Masinde ameinama mezani, ulimi nje, akivuta brashi. Hajji alikuwa amesogeza uso karibu kabisa na rangi mbichi.

"Umenyooka?"

"Umenyooka, Hajji."

Haukuwa umenyooka. Kuelekea mwisho uliteleza, ukaipa baiskeli vidole viwili zaidi. Adong aliona. Alimwona Hajji pia, akipitisha kidole hewani juu ya mstari, polepole, kikafika pale ulipopinda, kikasimama. Kisha mzee akasimama wima na kuagiza chai ya watu watatu.