Vidonge Vilivyofichwa Ndani ya Kopo la Majani Chai

Nilimshika mkono!

Shangazi Loise alikuwa amechuchumaa jikoni, akichomoa vidonge viwili vya mwisho kwenye dawa za mdogo wangu, Buya... akivifunga kwenye pindo la leso!

"Shangazi, unafanya nini?"

"Wee Christabel! Utaniua kwa mshtuko. Nenda kachote maji."

Jamani wasomaji! Buya ana miaka sita. Jumatatu, zahanati ya ng'ambo ya mto ilimtoboa kidole, kipimo kikaonyesha malaria, akapewa dawa za siku tatu. Mwezi uliopita ilikuwa vivyo hivyo. Alipata nafuu, kisha homa ikamrudia, akaweweseka.

Sasa nilijua sababu!

Tangu baba afariki, shangazi ndiye alimaye shamba letu hapa Golbanti. Na mrithi ni nani? Buya.

Nikapekua chumba cha shangazi. Chini ya kitanda, kopo la majani chai. Ndani, vidonge viwili viwili, vimefungwa kwa karatasi zenye majina.

Buya. Loise.

Christabel...!

"Unataka kutumaliza?" Nilipiga kelele hadi majirani wakajaa uani.

Shangazi aliketi chini.

"Mwaka ule wa mafuriko, marehemu binti yangu Margaret alishikwa na homa. Mtumbwi hauvuki. Siku nne, mwanangu! Sikuwa na hata kidonge kimoja."

Nikaketi karibu naye.

"Ndiyo maana mtu akipata nafuu, nabakisha viwili. Maji yakija, kila mmoja ana chake. Hata wewe msomi."

"Shangazi, nafuu si kupona. Vimelea vilibaki damuni, ndipo homa ikarudi. Na vidonge viwili havitibu mtu."

"Kumbe ni mimi niliyemrudishia homa?" Akampa Buya vile viwili vya kwenye leso papo hapo, kwa maziwa. Kisha akaniuliza, "Na maji yakija?"

Nikawageukia majirani.

Jirani yetu Metrine, aliyekuwa wa kwanza kumwita shangazi mchawi, aliondoka kimyakimya. Akarudi na mfuko.

Vidonge!

Akafuata jirani mwingine. Na mwingine...

Wapendwa, malizeni dozi, hata mgonjwa akicheza mpira. Mimi nilimsaka muuaji katika nyumba moja, nikakuta hofu ya kijiji kizima. Leo tumepeleka barua kwa wakuu wa afya mjini Garsen: vipimo na dozi kamili vivuke mto kabla ya mafuriko.

Sahihi ya kwanza ni ya Shangazi Loise. Niliyemwita muuaji mbele ya watu, nimemwomba radhi mbele ya watu.