Salome Hakumfukuza Jogoo

Kila asubuhi msimu wa mavuno, kabla ya kwenda shule, Salome alilinda ulezi ulioanikwa uani kwao, kijijini Pito. Asikudanganye mtu, kuku wa Pito hawana adabu. Jogoo akijitokeza, Salome alimtimua mpaka kwa jirani, na akirudi alikuta matetea sita wameshashiba.

"Umemshinda mmoja, sita wamekushinda wewe," shangazi yake Klementina alimcheka. "Simama kati ya kuku na ulezi. Wao ndio wahangaike."

Shangazi alijua anachosema. Alicheza kama beki wa kulipwa katika ligi ya wanawake kwa misimu minane. Alifunga magoli mawili tu, moja akajifunga mwenyewe, lakini hakuna kocha aliyethubutu kumweka benchi.

Ijumaa hiyo wasichana wa shule yao walicheza na shule ya mjini, na Mwalimu Atupele alikuja kuchagua timu ya wilaya. Salome, aliyecheza beki kama shangazi yake, alitaka nafasi humo mpaka uji ulimshinda.

Mapumziko yalifika bila bao. Edith, nahodha wao, alimvuta pembeni.

"Salome, panda mbele! Mwalimu anaandika wafungaji tu. Huko nyuma nani atakuona?"

"Sipandi."

"Utaachwa!"

"Niachwe. Lakini hapa hapiti mtu."

Kipindi cha pili wenzake wote walikimbilia mbele ili waonekane. Salome akabaki peke yake na Suma, mshambuliaji wa mjini, mwenye mbio za kutisha. Suma alisogea pembeni na mpira, akimvuta amfuate. Miguu ya Salome iliwasha kwa hamu ya kumrukia, lakini alimkumbuka jogoo. Akasimama kati ya mpira na goli.

"Beki mwoga! Mfuate!" watazamaji walizomea.

Machozi ya hasira yalimlenga, lakini hakuhama. Suma alipochoka kuzungusha mpira, ulimponyoka kidogo na Salome akauchukua. Ikawa hivyo mara ya pili, na ya tatu. Dakika za mwisho Edith akafunga, na uwanja mzima ukambeba Edith.

Mwalimu Atupele alisoma majina. La Salome halikuwamo.

Wengine wangeinamisha kichwa. Salome alikwenda moja kwa moja mpaka mbele ya mwalimu, vumbi likiwa bado magotini.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba."

"Naomba umuulize Suma leo amefunga mangapi."

Wanafunzi wakaguna. Mwalimu alimgeukia Suma, ambaye jana yake, katika mechi nyingine, alifunga manne.

"Sijafunga hata moja," Suma alisema, akicheka kwa uchungu. "Huyu hamfuati mtu, mwalimu. Anakungoja mpaka unakosea mwenyewe."

Mwalimu aliikunjua tena karatasi yake. "Nilihesabu magoli yaliyoingia, nikasahau yaliyozuiwa," alisema. "Kosa ni langu." Kisha akaandika: Salome, beki.

Jioni, wakizoa ulezi, Salome alimsimulia shangazi kila kitu.

"Kazi ya beki haionekani, kwa sababu baya halikutokea," shangazi alisema. "Ifanye vizuri hata wakikuzomea. Na wakiisahau, iseme kweli yako kwa heshima, bila kuogopa. Mimi mara nyingi nilinyamaza, na ninajuta."

Salome alimtazama kwa mshangao. Nyuma yake tetea mmoja alikuwa ameshanyata hadi kwenye ulezi.

"Beki wa wilaya," shangazi alisema, "goli hilo!"