Shubiri Tano za Nani?

Kila asubuhi kabla ya shule, Anitha alikwenda bombani pale Haneti pamoja na bibi yake, Emiliana. Kiuno cha Bibi kilikuwa kibovu. Kuinua ndoo kutoka chini hakuweza, lakini kujichotea maji hakutaka kuacha.

"Siku nitakapoletewa maji," alikuwa akisema, "mjue nimezeeka kweli."

Kwa hiyo Fundi Mustapha alipofika kujenga kibaraza cha kuwekea ndoo, Bibi alifurahi kama mtoto. Tatizo, tepu ya fundi ilikuwa imekatika.

"Anitha, mpime bibi yako kutoka chini hadi kiunoni. Ni shubiri ngapi?"

Anitha akatanua kiganja, akapanda nacho juu ya kitenge cha Bibi. "Tano!" akasema, akakimbilia shule.

Aliporudi alasiri, alimkuta Bibi amesimama na ndoo yake tupu. Kibaraza kilimfika kifuani! Denis, jirani yao, akacheka kwenye kiti chake cha magurudumu.

"Fundi, hapa watachota twiga?"

"Nimeambiwa shubiri tano, nimejenga tano," fundi akajibu. "Na saruji ikishashika, sibomoi."

Bibi akageuka taratibu. "Basi, wanangu. Nitaletewa."

Moyo wa Anitha ukamwuma. Akakitazama kiganja cha fundi, kipana kama sahani. Akaweka chake juu yake, kikapotea.

"Shikamoo, Fundi. Kosa ni langu. Nilipima kwa mkono wangu, nami sikukwambia."

"Marahaba. Kumbe! Na mimi sikuuliza." Fundi akachukua mwiko, akaanza kung'oa matofali ya juu kabla saruji haijashika.

"Haya, kitendawili!" Bibi akasema, uso umechangamka.

"Tega!"

"Nilikuwa mfupi, nikarefuka, sasa nafupika na hakuna aliyenikata."

"Kivuli!" Denis akawahi.

"Kivuli wapi? Ni mimi! Gauni langu la kanisani lilikuwa likiishia kwenye vifundo vya miguu. Leo linafagia njia, wala sijaliongeza kitambaa."

Anitha akatoa macho. "Bibi, urefu umekwenda wapi?"

"Nesi aliniambia uti wa mgongo hujibana kidogo kidogo uzeeni. Nawe mwakani hutakuwa na kiganja hicho."

Anitha akatafuta ufito mmoja mnyoofu. Akampima Bibi kiunoni, akatia alama. Akampima Denis magotini akiwa amekaa, mtoto wa darasa la kwanza, hata fundi mwenyewe. Alama zilipishana sana! Fundi akazitazama, akajenga kibaraza chenye ngazi mbili za kuwekea ndoo: ya chini kwa Denis na watoto, ya juu kwa Bibi na wenzake.

Saruji ilipokauka, Bibi aliinama kidogo tu, akajitwika ndoo, akaondoka bila kumwaga tone. Denis naye akajaza dumu lake, akalipakata.

"Ukitaja kipimo, mwanangu, taja na mwenye mkono," Fundi Mustapha akamwambia Anitha. "Ukikosea, sema mapema, kabla saruji haijashika. Na kitu cha watu wote usikijenge kwa kumpima mtu mmoja."