Mkono wa Bibi na Wimbo Uliokimbia

Kila siku alipotoka shuleni, Chiriku alifanya mambo matatu kabla ya kuvua sare. Alitundika mkoba kwenye msumari nyuma ya mlango, akanawa mikono kwa sabuni, kisha akaingia chumbani kwa bibi kumvalisha kiatu cha mguu wa kushoto. Cha kulia bibi alikivaa mwenyewe. Cha kushoto kilihitaji msaada, kwa kuwa upande wote wa kushoto wa mwili wake ulikuwa hauna nguvu tangu alipopatwa na kiharusi miezi miwili iliyopita.

Bibi ndiye aliyempa jina la Chiriku, kwa sababu tangu utotoni mjukuu huyo alikuwa haishi kuimba na kuongea. Sasa maneno ya bibi mwenyewe yalikuwa yamekauka. Yalibaki machache, kama "maji", "hapana" na "mwanangu", na siku nyingine hata hayo yaligoma kutoka.

Kutoka kitandani hadi mlango wa chumba palikuwa na hatua kumi na mbili. Chiriku alizijua kama anavyojua vidole vyake. Bibi, kwa fimbo yake ya miguu minne, alikuwa anafika ya tano, kisha anaketi akihema. Na siku zilikuwa zinayoyoma. Mama, aliyeshona sare kiwandani, alikuwa amechukua likizo ya mwezi mmoja bibi alipotoka hospitalini, na Jumatatu alitakiwa kurudi kazini. Alishamweleza Chiriku bila kuzunguka: kama hadi Jumapili bibi hawezi kufika mlangoni na kuvuka ukumbi hadi msalani peke yake, hawezi kuachwa nyumbani mchana kutwa. Itabidi mama mkubwa aje kumchukua.

Mama mkubwa aliishi mbali, safari ya kutwa nzima kwa basi. Alikuwa na nyumba kubwa na watu wa kusaidia. Lakini Chiriku alilelewa mikononi mwa bibi. Kila alipowaza chumba kile kikiwa na kitanda kisicho na mtu, aliingia kumtazama bibi.

Aliyeleta habari ya wimbo alikuwa mtaalamu wa mazoezi kutoka zahanati, dada mwembamba mwenye saa kubwa mkononi, ambaye nyumbani walimwita Dada Viungo. Alikuja kila Ijumaa. Ijumaa moja, zikiwa zimebaki siku tisa kufika Jumapili hiyo ya mwisho, aliwaeleza kwamba mwili uliosahau kutembea mara nyingine hukumbushwa na mdundo, hasa wa wimbo ambao mgonjwa anaujua tangu zamani. Akauliza bibi alipenda wimbo gani.

Mama hakuhitaji kufikiri. Bibi alifanya kazi miaka ishirini na sita katika kiwanda cha mikate, kwenye meza ndefu ya kukandia unga. Juu ya rafu palikuwa na redio, na kulikuwa na wimbo mmoja wa bendi ya zamani ambao ukipigwa, wanawake wote wa meza ile walikanda kwa pamoja kama mtu mmoja. Kesho yake mama akampa Chiriku simu yake na pesa za kununulia wimbo ule. Akamwelekeza anunue katika duka la muziki la mtandaoni, lile ambamo wanabendi wenyewe huweka kazi zao. Kisha akaenda kufua shuka za bibi.

Chiriku aliitia simu mfukoni akaenda kuongeza bando la intaneti. Njiani alipita kwenye kibanda cha Jaza. Jaza alikuwa na kompyuta moja, spika mbili na kicheko kisichoisha. Kazi yake ilikuwa kujaza nyimbo kwenye simu za watu. Kwa bei ya wimbo mmoja wa dukani, Jaza alijaza nyimbo thelathini. Chiriku alisimama pale akipiga hesabu. Wimbo wa bibi ni mmoja. Hizo ishirini na tisa nyingine zingekuwa zake, zile zote ambazo wenzake shuleni walizicheza wakati wa mapumziko huku yeye akitazama. Wimbo si ni wimbo, alijiambia. Bibi atajuaje?

Aliporudi, mama alimwuliza kama ameununua kule alikomwelekeza. Chiriku alijibu ndiyo, bila kumtazama usoni.

Kesho yake, Jumapili, waliupiga kwa mara ya kwanza. Uso wa bibi ulifunguka kama dirisha, halafu ukakunjamana. Mkono wake wa kulia ukaanza kusogea juu ya blanketi: unasukuma kwa kiganja, unakunja, unavuta. Alikuwa anakanda. Lakini Chiriku aliona jambo jingine. Mkono ulikuwa nyuma ya wimbo. Wimbo ulikwenda, mkono ukabaki. Jumatatu ikawa hivyo hivyo, na Jumanne pia. Akawaza kwamba ugonjwa umezidi, kwamba sasa hata upande wa kulia umeanza kulegea. Hakumwambia mtu. Alizidisha tu bidii.

"Twende na wimbo, Bibi," alisihi. "Moja, mbili. Usibaki nyuma."

"Hapana," bibi alisema, akitikisa kichwa.

Jumatano alijaribu tena. Bibi alipiga hatua tatu za haraka, mguu wa kushoto ukiburuzika kuufukuza mdundo. Katikati ya ubeti wa pili ikapasuka sauti nzito ya kiume: "Jaza Muziki, kiboko ya mtaa!" Lilikuwa tangazo ambalo Jaza aliliingiza ndani ya kila wimbo. Siku zote Chiriku alikuwa akiizima simu kabla ya kufika pale. Siku hiyo alisahau. Bibi alishtuka, miguu ikapishana, akaanguka kwa ubavu kando ya kitanda, na fimbo ikamwangukia.

Mfupa haukuvunjika, ila goti lilivimba. Alhamisi, Chiriku alipoinama na kiatu cha kushoto, bibi aliurudisha mguu chini ya blanketi akageukia ukutani. Mama alisimama mlangoni akaliona hilo.  Alichukua simu akampigia dada yake, na Chiriku akasikia kila neno: aje Jumapili, nguo zitakuwa tayari zimefungwa.

Chiriku alitoka mbio hadi kwenye kibanda. Alimkuta Jaza akimhudumia mteja, akamwomba aiondoe ile sauti kwenye wimbo.

"Huo ndio muhuri wangu, binti," Jaza alisema. "Nikiuondoa, watu watajuaje wimbo umetoka kwangu?"

"Lakini si wewe uliyeuimba."

Mteja aliangua kicheko. Jaza naye alicheka, ingawa kidogo. "Wala sikuuimba, wala sijui aliyeuimba. Nimeuokota bure mtandaoni kama ulivyo. Ulitaka thelathini, nikakupa thelathini. Mbona siku ile hukulalamika?"

Chiriku aligeuka akaondoka. Njia nzima alilia bila sauti, akijifuta kwa kola ya sare. Alitaka kumwambia mama, lakini kila alipofungua mdomo aliliona lile goti lililovimba, akaufunga tena. Akisema, mama atajua ni nani aliyemwangusha bibi. Asiposema, Jumapili bibi ataondoka. Hakuona pa kutokea.

Ijumaa Dada Viungo alikuja. Alilipapasa goti, akasema litapona, lakini mguu usipotumika mapema utakakamaa. Kisha akaomba kuusikia wimbo. Mama alikuwa uani. Simu ilikuwa kwenye mfuko wa sketi ya Chiriku.

"Simu imezima, dada," Chiriku alisema. "Haina chaji."

Papo hapo simu ikaita. Iliita kwa nguvu zake zote, ikitetemeka ndani ya sketi. Mama mkubwa alitaka kujua Jumapili ashuke kituo gani. Chiriku alijibu kwa sauti iliyokatikakatika, akakata, akatamani ardhi ipasuke immeze. Dada Viungo hakumkemea. Alinyoosha mkono tu, na Chiriku akaupiga wimbo.

Mkono wa bibi ukaanza kukanda, nyuma ya wimbo kama kawaida.

"Unaona, dada?" Chiriku alinong'ona, machozi yakimlenga. "Hawezi tena kufuata. Anazidiwa."

Dada Viungo aliitazama saa yake akihesabu miondoko ya mkono kwa nusu dakika. Akahesabu mapigo ya wimbo nusu dakika nyingine. Kisha akazima simu, na mkono ukaendelea kukanda kimyakimya, taratibu, bila kukosea hata mara moja.

"Mkono unakwenda sitini kwa dakika," alisema. "Haupungui wala hauzidi. Wimbo wako unakwenda sabini na mbili. Huyu hajazidiwa, mdogo wangu. Miaka ishirini na sita alikanda kwa mdundo huu, na bado anao. Wimbo ndio unaokimbia. Uliutoa wapi?"

Mama alikuwa ameingia, mikono imejaa povu la sabuni. Chiriku aliwatazama wote wawili, kisha akamtazama bibi, ambaye kwa siku tano alikuwa akimwambia "hapana" na yeye hakumsikiliza. Akapiga magoti kando ya kitanda akasema yote: kibanda, nyimbo thelathini, uongo wa Jumamosi, tangazo lililomshtua bibi hadi akaanguka. Alizungumza mpaka kwikwi zikamzuia.

Mama alijifuta povu kwenye kanga. Dada Viungo ndiye aliyeeleza kwamba watu wanaopachika nyimbo za wenzao mtandaoni kwa wizi hupenda kuziharakisha kidogo, ili zisitambulike kirahisi na kuondolewa. Anayecheza tu huenda asigundue. Anayejifunza kutembea upya, mguu wake hugundua.

"Ulinidanganya," mama alisema hatimaye. "Hilo tutalizungumza, tena kwa kirefu. Sasa fungua duka nililokuambia."

Chiriku alifungua. Jina la wimbo lilitokea mara tatu. Toleo la kwanza liliandikwa jina la bendi nyingine. La pili lilikuwa la bendi yenyewe, lakini limerekodiwa upya miaka ya karibuni. La tatu lilikuwa la zamani, lina picha ya wanabendi waliovaa suruali pana, na urefu wake ulikuwa dakika nne na sekunde ishirini. Wa Jaza uliishia dakika tatu na sekunde thelathini na saba. Mama alisema anadhani ni la zamani, ila hakuwa na hakika, maana wakati huo alikuwa mtoto mdogo.

"Duka linaruhusu kusikiliza kipande kabla ya kulipa," Chiriku alisema. Aliiweka simu juu ya blanketi, karibu na mkono wa kulia. "Bibi, safari hii chagua wewe."

Alipiga kipande cha kwanza. Mkono ulitulia. Akapiga cha pili. Kidole kimoja kilicheza, kikaacha. Akapiga cha tatu, na kabla mwimbaji hajafungua mdomo, kiganja kikasukuma, kikakunja, kikavuta. Kilikwenda sawasawa na ngoma, kama mkono na wimbo ni vitu vilivyozaliwa siku moja. Machozi yalimtiririka bibi upande wa shavu lenye nguvu, huku akicheka.

Mama alilipia. Risiti ikaja, na jina la bendi likiwa juu yake. Chiriku akafuta nyimbo zote thelathini za Jaza, hata zile alizozipenda. Hakuna aliyemwamuru.

Bibi aliutoa mguu wa kushoto chini ya blanketi, akaunyoosha avalishwe kiatu.

Jioni hiyo alipiga hatua nne, mama akimshika upande mmoja na Dada Viungo upande wa pili. Goti lilimuuma, na kila mtu alijua kumebaki siku mbili tu. Jumamosi alipiga sita asubuhi, nane alasiri. Chiriku hakuhesabu tena kwa sauti. Aliuacha wimbo uhesabu. Lakini hatua ya tisa ilikataa, mara tatu, na mama akaenda kutoa begi chini ya kitanda.

Jumapili saa tisa mchana mlango wa chumba cha bibi ulibishwa. Chiriku alikuwa akikunja kanga ya mwisho ya bibi ndani ya begi, na wimbo ulikuwa unacheza. Alinyanyuka kwenda kufungua, lakini fimbo ya miguu minne ilimpita. Tisa. Kumi. Bibi alisimama, akahema, akasubiri ngoma irudi. Kumi na moja. Kumi na mbili. Mkono uliozoea kukanda ukaiacha fimbo, ukashika kitasa na kukivuta.

"Karibu," bibi alisema.

Mama mkubwa aliangusha mkoba wake kizingitini. Neno hilo lilikuwa halijasikika nyumbani humo kwa miezi miwili. Alikaa siku tatu akimtazama bibi akivuka ukumbi hadi msalani mwenyewe, kisha akarudi kwake na begi lake peke yake.

Jumapili ile, kabla usiku haujaingia, mama alimketisha Chiriku barazani na kuzungumza naye kwa kirefu kama alivyoahidi. "Ulipokuwa unachagua pale kibandani," alimwambia, "uliona bei tu. Ukinunua kitu, mwanangu, uliza pia kimetoka mikononi mwa nani. Wale waliouimba wimbo waliufanya kwa jasho, kama bibi alivyofanya mikate, nao wanastahili malipo yao. Ukinunua kwao, unapata kitu kamili na unajua wa kumwuliza kikiwa na kasoro. Na ukishakosea, sema siku ile ile. Kosa lako lilikuwa dogo Jumamosi. Kunyamaza ndiko kulikolikuza hadi likamwangusha bibi."

Jumatatu Chiriku alirudi kutoka shuleni. Alitundika mkoba kwenye msumari, akanawa mikono kwa sabuni, akaingia chumbani na kupiga magoti kutafuta kiatu cha kushoto. Hakikuwa chini ya kitanda. Kilikuwa mguuni, kimevaliwa upande, kamba zikining'inia, na bibi ameketi akimtazama kwa macho yanayocheka.