Reli Iliyoishia Timau

Rafiki yangu Mutembei alinisimulia haya mwenyewe, na sitamtetea.

Kwenye maonyesho ya ukumbi wa kanisa, hapo mtaa wa Dallas mjini Embu, alileta treni ndogo aliyoijenga kwa miaka. Hakuna aliyesimama kuitazama. Watu wote walijazana kwenye meza ya Kaari, ambaye alifunzwa kazi hiyo na huyo huyo Mutembei. Kaari alikuwa amebuni reli ya enzi za mkoloni, kutoka Nanyuki kwenda Meru, ambako treni haijawahi kufika. Muda haukumtosha, kwa hivyo reli yake iliishia njiani, Timau, kwenye mashamba ya ngano, ukingoni mwa meza.

"Niangalilie meza nikanywe chai," Kaari akamwomba. "Wewe ndiye ninayekuamini."

Ukumbi ulipobaki mtupu, Mutembei aliing'oa injini ya Kaari akaitia mfukoni. Papo hapo stima ikapotea. Mapazia yalikuwa yamefungwa ili taa ndogo za stesheni zionekane vizuri, kwa hivyo giza likawa totoro.

Ndipo akasikia treni ikitoka Nanyuki. Ilipanda mlima polepole, ikigongagonga, ikafika Timau. Akangoja isimame. Ilipita ukingo wa meza, ikaendelea hewani mbele ya kifua chake, ikapenya ukutani, na honi ikalia mbali sana, upande wa Meru.

Injini ilikuwa bado mfukoni, ameibana kwa vidole. Magurudumu yake yalikuwa yakizunguka. Yakapunguza mwendo taratibu, kama treni inayoingia stesheni, kisha yakasimama.